Semina ya Ng'ombe Wawili

Ruffin Gisubizo alikuwa na noti ya dola kumi ambayo mji mzima wa Goma ulikuwa umeikataa. Haikuwa noti bandia. Hilo lisemwe mapema, maana Ruffin alikuwa na heshima yake, na mambo ya noti bandia aliwaachia watu wasiokuwa na kipaji. Ilikuwa noti halali kabisa, ila kona yake moja ilikuwa imeliwa na kitu. Na katika mji wetu dola yenye jeraha, hata dogo kama la kiwembe, si pesa tena. Ni picha ya mzungu.

Asubuhi hiyo alikuwa akiijaribu kwa Mama Uwizeye, mwenye kibanda cha fotokopi kinachotazamana na chuo kimoja cha Murara ambacho jina lake ni refu kuliko jengo lake.

"Papa Ruffin," Mama Uwizeye alisema bila kuigusa, "hii noti uliniletea wiki iliyopita."

"Ile ilikuwa ingine, mama."

"Iko na kona ile ile. Nimeanza kuizoea."

Ruffin akairudisha mfukoni, na angekwenda zake kama asingeingia mtu mrefu mwenye koti lililong'aa viwiko, amekumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Huyo alikuwa Honoré Nsanzimana, mwalimu wa sosiolojia katika chuo hicho. Alikuwa na cheo cha Assistant kwa mwaka wa kumi na moja, na cheo chenyewe kilionekana kuchoka kuliko yeye.

"Mama, unipigie kopi tatu ya hii dossier. Nitalipa mwisho ya mwezi."

"Mwezi gani, Assistant?"

"Huu."

"Na hii bourse ya kusoma ya leo ni ya wapi?"

"Ya Ubelgiji. Perfectionnement ya walimu wa chuo. Miezi tatu. Banalipa tiketi, nyumba, vitabu, kila kitu."

Mama Uwizeye alisogeza karatasi kwenye mwanga. "Lakini hapa banasema ilifungwa mwaka jana."

"Najua," Honoré alisema polepole. "Pengine batafungua tena."

Wapo watu ambao hugeuza shingo wakisikia sarafu imeanguka. Ruffin aligeuza shingo akisikia mtu anatumaini. Huyu ndiye mtu aliyewahi kuuza tiketi kumi na nne za kupanda lifti katika nyumba ya orofa moja, na wanunuzi wawili wakarudi kuuliza kama kuna za familia. Alimlipia Honoré kopi zake kwa franga nzima, akamwita "Prof" mara tatu, na kabla karatasi hazijapoa alikuwa amejua yote aliyotaka kujua.

Chuo kilikuwa na walimu ishirini na wanne. Kwa miaka tisa hakuna hata mmoja aliyepelekwa mahali kuongeza ujuzi. Katika bajeti ya chuo ulikuwapo mstari ulioitwa Perfectionnement ya Walimu. Mstari huo uliandikwa upya kila mwaka kwa mwandiko mzuri zaidi, na hayo ndiyo maendeleo pekee yaliyoonekana.

"Kwa hiyo," Ruffin aliuliza, "mutu akikuja na Fondation ya kusaidia walimu, batamupokea?"

"Expert," Honoré alimjibu, macho yamelegea, "batamubeba."

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka neno hilo, Expert. Ruffin hakuona sababu ya kulikataa.

Na sasa niseme kwa nini Ruffin alikuwa na haraka. Huko Rumangabo aliishi mfugaji mmoja, muzee Munyakazi, na muzee Munyakazi alikuwa na binti aitwaye Bénita, ambaye Ruffin alimpenda kwa kweli, pengine ndicho kitu pekee alichokifanya kwa kweli tangu azaliwe. Mahari ilikuwa ng'ombe wawili. Ruffin alikuwa ameomba iwe mmoja kwanza, na mwingine baadaye.

"Ngombe moja peke yake inalia," muzee alimwambia. "Itasumbua majirani. Ulete mbili, Jumapili ya pili kutoka leo. Ukikosa, kuko kijana moja ya kuuza mafuta ya gari hapa Rumangabo. Ule naye anapendaka Bénita, na yeye hasemake sana."

Ruffin alikuwa na dola mia tano, ukihesabu na ile noti iliyoliwa. Huyo ni ng'ombe mmoja. Wa pili alibaki ndani ya mifuko ya walimu ishirini na wanne, naye Ruffin aliamua kwenda kumtoa humo kwa upole.

Fondation Lac et Montagne, yenye makao yake Geneva, ilizaliwa siku hiyohiyo ndani ya kibanda cha Mama Uwizeye. Kwenye rundo la karatasi zilizotupwa Ruffin aliokota barua ya shirika fulani lililokuwa limewaita wauguzi kufundishwa kunawa mikono. Ilikuwa barua nzuri, yenye nembo, vipengele na salamu za juu kabisa. Akaagiza ichapwe upya. Palipoandikwa "wauguzi" akaweka "walimu wa vyuo vikuu". Palipoandikwa "kunawa mikono" akaweka "uongozi wa kipedagojia". Hakuisoma mpaka mwisho. Mtu hasomi barua ambayo ameiandika mwenyewe.

Siku ya pili yake alikuwa ofisini kwa Mama Philomène, katibu wa masomo wa chuo. Mama Philomène alikuwa na miaka sitini na mmoja, miwani iliyoning'inia kwa kamba, na daftari moja jekundu. Alikuwa amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba na wote aliwazoeza. Aliisoma barua mara mbili huku Ruffin akitazama ukuta kwa uso wa mtu wa Geneva.

"Hapa kwa module ya kwanza," alisema, "munaandika kila mshiriki atapewa sabuni."

Ruffin alikohoa. "Ni mfano, mama. Mwalimu anasafisha mawazo."

"Nzuri sana. Na frais ya dossier?"

"Dola makumi ine kwa mwalimu moja. Akishalipa, Fondation inafungua bourse yake. Geneva, Lausanne, mahali anapenda. Lakini frais ni cash, mama. Unajua benki zimefunga, Fondation haiwezi pitisha kitu kule. Kila kitu ni mukononi."

"Mukononi," Mama Philomène alirudia, akaliandika neno hilo ndani ya daftari jekundu. "Shida ni moja, Expert. Walimu bangu habalipe kitu mu njia. Balishakuja ba Canada hapa. Balishakuja ba Japon. Hata ba Vatican."

"Ba Vatican?"

"Hata bo. Donc mutu akitaka walimu bamuamini, anafanya séminaire. Siku mbili, salle ya kueleweka, badge, chakula ya moto. Siku ya mwisho kila mutu anafunga dossier yake na frais yake palepale. Ni vile tunafanyaka."

Ruffin alihesabu haraka kichwani. Ishirini na wanne mara arobaini ni dola mia tisa na sitini. Ng'ombe wa pili alionekana mlangoni, anatikisa masikio.

"Nakubali," alisema.

"Na hii paragraphe ya ine, unaithibitisha? Fondation inabeba gharama ya washiriki, prise en charge, kufuatana na barème ya kawaida?"

Paragrafu ya nne Ruffin hakuwa ameifikia. Lakini maneno hayo yalikuwa na harufu ya ofisi kubwa, na yeye hakuwa mtu wa kupunguza utamu wa kitu.

"Totale," alisema. "Prise en charge totale."

Mama Philomène aliandika na hilo pia, akalipigia mstari mara mbili.

Ruffin alijua njaa zote za mji huu, na bei ya kila moja. Kitu kimoja tu kilimpita. Maisha yake yote hakuwahi kukaa katika semina, hata ya nusu siku.

Salle ilipatikana mtaa wa Mapendo, ukumbi wa parokia wenye viti vya plastiki na ubao mweusi. Dola mia moja kwa siku mbili, kulipa mbele. Hapo ilikwenda miguu ya mbele ya ng'ombe wa kwanza. Kitambaa cha kutundika, badge zenye picha, madaftari na kalamu, na sabuni ishirini na nne kwa sababu walimu walikuwa wameshaiona kwenye barua: dola sitini. Ulikwenda mkia, na masikio nayo. Wali, sombe ya majani ya muhogo, sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na chai ya maziwa kwa siku mbili, dola mia moja nyingine, na hizo zilikuwa mbavu. Nusu ya nyuma ya mnyama, dola mia mbili na arobaini, ilibaki ndani ya mkoba wa Ruffin, ukihesabu na ile noti yetu.

Alhamisi asubuhi walimu wote walifika saa mbili kamili, jambo ambalo wanafunzi wao wasingeliamini. Ruffin alipanda mbele, akaufungua mkoba juu ya meza kama mtu anayetafuta kalamu, akauacha wazi ili kila mtu aone kwamba Fondation haikuja mikono mitupu. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya kazi yake: mtu hutoa kwa raha akiona wewe huna shida.

Kisha akafundisha, na lazima nikiri kwamba alifundisha vizuri. Aliwaambia wafumbe macho na kuuona mshahara wao. Mwalimu mmoja alisema hauoni. Ruffin akamwambia afumbe zaidi. Aliwagawa kwa vikundi, akawapa karatasi kubwa, akawaambia wachore mwalimu wa kesho. Vikundi vitatu vilichora mtu mnene. Akauliza darasa, "Mwalimu wa kisasa ni nani?" na kwa kuwa hawakujua, akajijibu: "Ni ule anatenda kile alisema." Wote wakaandika.

Maswali magumu alikuwa na dawa yake.

"Expert," aliuliza Mbarushimana, mwalimu wa uchumi, mtu mfupi mwenye sauti ya ofisa wa ushuru, "hii Fondation, capital yake inatoka wapi?"

"Swali nzuri sana. Ni ya module ya tatu."

"Na vigezo vya kuchagua batu?"

"Module ya tatu."

"Na module ya tatu ni lini?"

"Prof," Ruffin alisema kwa huzuni, "hiyo nayo iko ndani ya module ya tatu."

Walicheka, wakapiga makofi, wakala sambaza. Mchana wa Ijumaa Ruffin alikuwa amesahau mara mbili kwamba yeye si Expert. Aliposhika chaki alihisi kitu kifuani, akadhani ni njaa.

Saa tisa akatangaza kufunga dossier. Alikaa nyuma ya meza, akaweka mbele yake kisanduku kitupu cha biskuti, akakifuta vumbi kwa kitambaa. Mama Philomène alikaa karibu na mlango na orodha ya mahudhurio. Walimu wakapanga mstari mzuri, kila mmoja na bahasha yake, na wa kwanza alikuwa Honoré.

Honoré aliweka dossier mezani, kopi tatu, zimebanwa vizuri. Kisha akashika kalamu.

"Nasaini wapi?"

"Saini bado, Prof. Leta kwanza dola makumi ine."

"Ndiyo. Mukate mule ndani."

"Ndani ya nini?"

Honoré alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni anayekula ndizi na maganda yake. "Ndani ya perdiem, Expert."

Pengine yupo msomaji ambaye, kama Ruffin, hajawahi kualikwa mahali. Perdiem ni pesa anayolipwa mtu kwa kukubali kufundishwa. Kwetu hapa semina inaweza kukosa umeme, inaweza kukosa mada, inaweza hata kukosa mwalimu. Bila perdiem, watu walikutana tu.

Ruffin alitazama mstari. Watu ishirini na wanne walimtazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha. Hasira alikuwa ameizoea, alijua milango yake yote.

"Perdiem," alisema, akijaribu neno hilo mdomoni.

"Paragraphe ya ine," Mama Philomène alisema kutoka mlangoni. "Totale."

Mbarushimana alikuwa tayari kwenye ubao. "Barème ya kawaida ya Goma," alisoma huku akiandika, "ni dola ishirini na tano kwa siku. Siku mbili, makumi tano. Munakata frais, makumi ine. Munatubakishia kumi, kila mutu. Batu ni ishirini na ine. Inafanya mia mbili na makumi ine." Akaipigia duara ile jumla. Mwalimu wa uchumi hapati mara nyingi nafasi ya kuwa sahihi mbele ya mashahidi.

"Sawa kabisa," Ruffin alisema, akiwa amepata pumzi. "Hesabu iko nzuri. Ile yenu itapita kwa benki, mwezi kesho. Leo tunamaliza frais tu."

Mama Philomène alivaa miwani, akafungua daftari jekundu, akasoma kwa sauti ya Misa. "Expert alisema: benki zimefunga. Fondation haiwezi pitisha kitu kule. Kila kitu ni mukononi."

"Mama, nilisema juu ya frais."

"Ulisema kila kitu. Nilikuwa pale."

"Na Fondation, kwa leo, haikubeba..."

Hakumaliza. Vichwa ishirini na vinne viligeuka pamoja kuelekea mkoba, ambao ulikuwa wazi tangu Alhamisi.

"Mwalimu wa kisasa," Mbarushimana alisoma kwenye daftari lake, kwa upole kabisa, "ni ule anatenda kile alisema."

Ruffin aliuangalia mlango. Mbele ya mlango alikaa Mama Philomène, na mbele ya Mama Philomène walisimama watu ambao kila mmoja alikuwa na karatasi yenye jina lake, picha yake na namba yake ya simu, vyote alivyovitoa mwenyewe kwa fahari. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Huko Rumangabo yule kijana wa mafuta alikuwa amekaa tu, hasemi kitu.

Alilipa.

Alilipa kumi baada ya kumi, na kila aliyepokea alisaini, akamshika mkono, akasema kwamba hajaona semina iliyopangwa vizuri namna hiyo. Mguu wa nyuma wa kulia ulikwenda. Wa kushoto ukafuata. Lakini hata katika msiba fundi ni fundi. Honoré alikuwa amewapisha wenzake wote akabaki wa mwisho, na kwa kuwa alikuwa mlaini kuliko wote, ndiye aliyepewa ile noti iliyoliwa, imekunjwa mara nne, kona ikiwa ndani. Honoré aliikunjua. Akaitazama kidogo. Akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati, akasaini saini ndefu yenye mistari mitatu chini.

"Asante, Expert," alisema.

Angalau hiyo, Ruffin alijiambia.

Vyeti viligawiwa. Ripoti ya mwisho ilisomwa. Washiriki walipendekeza kwa sauti moja kwamba module ya tatu ifanyike kabla ya Noeli, siku tatu, na kwamba sambaza ziongezwe. Makofi. Ruffin alichukua mkoba wake mtupu, akawa anasogea kando ya ukuta.

"Ngojeni," Mama Philomène alisema. "Na formateur? Formateur ataenda nyumbani na miguu? Atasema nini kule Geneva? Transport yake iko wapi?"

Ukumbi ukanong'ona kwa aibu. Ndipo Honoré aliposimama.

"Chuo hakiko na kitu, tunajua. Lakini huyu papa alinilipia kopi siku ya kwanza, na hatukuwa tunajuana. Mimi natoa yangu."

Akatoa kitu mfukoni, akakitia ndani ya ile bahasha yake ya kaki, akailamba, akaifunga. Walimu walisimama wote. Mmoja alipangusa macho. Ruffin Gisubizo, aliyeuza lifti isiyokuwapo, alihisi uso wake unawaka. Alikuwa amempa mtu huyu noti mbovu.

"Prof, siwezi kupokea."

"Pokea. Lakini ufungue inje. Kufungua enveloppe mbele ya batu si adabu."

"Saini hapa, Expert," Mama Philomène alisema, akimsogezea karatasi. "Mupokeaji. Transport, dola kumi."

Alisaini. Alipofika kizingitini kitu kilimgusa akilini, akageuka.

"Mama. Ule wa Vatican. Yeye ilikuwa namna gani?"

Mama Philomène alikuwa akizikusanya sabuni zilizosahauliwa mezani. Aliwaza kidogo.

"Yeye alitufanyia siku tatu," alisema. "Na ilikuwa nyama ya mbuzi. Hapana kuona haya, papa. Wewe ulifundisha muzuri kumupita."

Nje jua lilikuwa bado kali juu ya mawe meusi. Ruffin aliitazama bahasha. Kwenye pembe yake yalikuwa yameandikwa maneno kwa kalamu, moja chini ya lingine, na kila moja limekatwa kwa mstari: Canada. Japon. Vatican. Chini kabisa, kwa wino mbichi: Lac et Montagne, nalo tayari limekatwa. Akaichana. Noti ilitoka yenyewe, kwa furaha, kama mbwa aliyemkuta bwana wake.

Mwendesha pikipiki mmoja alisimama mbele yake.

"Papa Expert, tunaenda?" Badge ilikuwa bado shingoni kwa Ruffin.

"Murara."

"Franga elfu tatu."

Ruffin akampa alichokuwa nacho. Kijana aliishika noti kwa vidole viwili, akaiinua juani, akaigeuza, akaitazama ile kona kwa muda. Kisha akamrudishia.

"Papa, hii haipite. Iko kama ilitafunwa na ngombe."

Ruffin aliikunja noti mara nne, akaitia mfukoni, akashika njia kwa miguu.

"Ndiyo," alisema. "Mbili."